Salamu Tulizomnyima Matthew Mwarandu (1987–2025)

Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2013, Matthew Mwarandu wa Junda, Kisauni, alimwangusha mrusha mpira wa timu pinzani mara tatu katika mchezo mmoja wa mpira wa Kimarekani. Klabu yake, Herons ya mji wa Carver, Marekani, ilishinda. Kumbukumbu za mchezo huo zinaonyesha pia kwamba katika robo ya tatu aligongwa kichwa, akakaa chini dakika nne, kisha akarudi kucheza. Nyumbani tulishangilia ushindi. Zile dakika nne hakuna aliyeziulizia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1987 hapa Junda, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mwarandu, karani wa bohari bandarini, na Mama Kache. Dada yake Dorcas, aliyemtangulia kwa miaka mitatu, alimbeba mgongoni hadi siku walipoanguka wote wawili kwenye njia ya kisimani. Matthew alikuwa na miaka minne, na tayari alikuwa mzito kumshinda mbebaji.

Alisoma shule ya msingi hapa Kisauni na ya sekondari Kilifi, katika shule ya bweni, ambako alianza kucheza raga. Mwaka 2006 kocha mmoja wa chuo cha Marekani, aliyekuja Mombasa kufundisha vijana, alimwona akicheza. Agosti 2007 Matthew alisafiri kwa ufadhili wa masomo. Huko akahamishiwa mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai, na mwaka 2011 akahitimu shahada ya elimu ya viungo.

Mwaka huohuo Herons wakamwajiri. Alicheza misimu mitano, michezo hamsini na minane, yote upande wa ulinzi. Kazi yake ilikuwa kuvunja ukuta wa wapinzani na kumfikia mrusha mpira kabla hajarusha. Mama Kache hakuielewa kazi hiyo.

"Sasa mpira wenyewe unaucheza saa ngapi," alimuuliza kwa simu, "ikiwa unashinda kukamata watu?"

"Mimi mpira siuhitaji, mama. Namhitaji aliyeushika."

Tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa hapa Junda na Maryanne Nyambura, muuguzi, mzaliwa wa Changamwe. Siku moja kabla ya harusi, jirani yetu Rama, mchukuzi wa soko la Kongowea, alimchokoza mbele ya watu: "Ati unalipwa kwa kusimama? Haya, simama basi!" Akamjia mbio, gunia la nazi begani. Matthew alimpokea kifuani, akamketisha mchangani taratibu kama mtoto, na gunia akalidaka kwa mkono mmoja lisimwangukie.

"Wallahi," Rama akasema akiwa bado chini, "kumbe bibi harusi anaolewa na geti!"

Walijaliwa watoto wawili, Griffin na Sarah.

Mwaka 2016 klabu haikumwongezea mkataba. Alifundisha vijana kwa muda, kisha akawa mlinzi wa ghala, na kazi zote mbili zikamtoka kwa sababu ya kusahau. Mei 2019 Maryanne alimwandikia Dorcas ujumbe mrefu. Alieleza kwamba daktari anahofia vile vishindo vya miaka mingi vimemdhuru Matthew ubongo, kwamba hupotea njia ya kurudi kwake na huwasahau watu anaowajua, na akaomba wazee waelezwe. Dorcas aliusoma ujumbe akaona ni hila ya mke anayetaka kumtangaza mumewe mwendawazimu. Hakumwonyesha mtu.

Agosti 2021 Matthew alirudi Junda kupumzika kwa ushauri wa daktari. Maryanne alibaki na watoto kwa ajili ya kazi na masomo yao. Desemba, kwenye matanga ya shangazi yetu, Matthew alimpita baba yetu mdogo, Mzee Kadenge, aliyeketi na wazee wenzake, bila kumpa salamu. Vijana walimwamkia shikamoo, akawatazama tu. Siku hiyohiyo alimwamkia mama yake mara tatu katika saa moja, nasi tukacheka.

Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, wazee wakamweka kikao.

"Marekani kumekufunza kutupita kama vigingi vya mbuzi?" akauliza Mzee Kadenge.

"Nimekosa nini, baba?"

Akaelezwa. Akasikiliza, kisha akasema kwa upole, "Nieleze tena."

"Mnamwona? Anatuchezea!"

Alitozwa mbuzi mmoja na kadzama, yaani mtungi wa tembo la mnazi ambao wazee hutoza kwa utovu wa adabu. Alilipa siku hiyohiyo na akaomba radhi kwa magoti. Alhamisi iliyofuata alimpita Mzee Kadenge njiani, kimya. Ndipo ikaamuliwa kwamba asisalimiwe na mtu wa ukoo hadi ashike adabu. Dorcas alikuwepo katika kikao cha kwanza na katika uamuzi wa pili. Alijua alichokijua, na hakufungua kinywa.

Machi 2022 Matthew alihamia chumba cha kupanga Bombolulu. Kwa miaka mitatu na zaidi, mtu pekee wa ukoo aliyekwenda kwake ni Mama Kache, kila Jumapili baada ya ibada. Mpangaji mwenzake, Bi Valarie, ndiye aliyemrudisha nyumbani kila alipopotea, na kwa hilo hatuna maneno ya kumtosha. Februari 2025 mama alimpeleka kwa daktari bingwa. Daktari alisema anashuku ubongo umeharibiwa na vishindo, lakini ugonjwa wa namna hiyo huthibitishwa tu kwa kuupima ubongo baada ya kifo; bila uthibitisho, wazee hawakuondoa adhabu. Matthew alifariki hospitalini kwa homa ya mapafu, Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na minane.

Dorcas alipokwenda kukusanya vitu vyake alikuta daftari la shule. Kila ukurasa una jina la mmoja wetu, jinsi ya kumtambua, na namna ya kumwamkia. Ukurasa wa nne unasema: "Baba Kadenge. Kovu chini ya jicho la kushoto. Shikamoo kwanza. Usipite."

Alilipeleka kwa Mzee Kadenge, ambaye hadi siku hiyo alikuwa amekataa maiti ipimwe, akisema mtu huzikwa na viungo vyake vyote.

"Shikamoo, baba. Mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Tangu mwaka wa kumi na tisa. Mkewe aliniandikia."

"Na ukakaa pale, ukatutazama tukimpigisha magoti?"

"Nilikaa, baba."

Mzee aliufungua ukurasa wa nne, akausoma. "Mimi nami nilimwona akimwamkia mamaye mara tatu," alisema. "Waacheni wapime. Na makosa yasomwe mbele ya watu, langu na lako. Jina langu msilifiche."

Tunayasoma kwa haya kubwa. Matthew hakutudharau. Alikuwa mgonjwa, akijitahidi kila siku kutukumbuka, nasi tukamwadhibu kwa ugonjwa wake.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Kache; mjane wake, Maryanne Nyambura; watoto wake, Griffin na Sarah; dada yake, Dorcas; na baba yake mdogo, Mzee Kadenge. Mola ampe pumziko lisilo na kishindo.

Mwili utazikwa leo saa nane mchana, kando ya kaburi la baba yake. Ubongo umehifadhiwa hospitalini na utapelekwa maabara Jumatatu. Majibu yanatarajiwa Mei mwakani. Yatakapofika, wazee wote waliokaa kikao wataitwa katika uwanja huu, na Dorcas atawasomea, vyovyote yatakavyokuwa.