Mkono Baridi Haupimwi

Mheshimiwa Meya, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, madaktari, wauguzi, ndugu wageni mliofika kumuaga mpimaji wetu wa neva, Bi Tsuruoka Setsuyo, na nyie watengeneza karatasi wenzangu mliojibanza nyuma kana kwamba hamkualikwa: nawasalimu wote.

Mimi ni Isogai Tamekichi, miaka themanini na moja. Shule niliiacha darasa la nne, lakini karatasi za vyeti vya mji huu zimetoka mikononi mwangu, na katika bonde hili hakuna anayetoa karatasi nyembamba kama yangu. Anayebisha asimame. Naona mmekaa.

Miaka sita iliyopita, katikati ya baridi, miguu yangu ilikufa ganzi. Nikatoka kwenye pipa la maji ya theluji ninamochotea rojo la kutengenezea karatasi, nikaja hapa moja kwa moja. Bi Tsuruoka alikuwa likizo. Daktari mmoja kijana, simtaji, yupo meza ya tatu, akanipima mwenyewe. Wanakubandika vibati, wanakupiga shoti, mashine inahesabu ujumbe unakimbia vipi ndani ya neva. Wangu ulitambaa, mikono na miguu.

“Neva zimeharibika kote, mzee. Kazi ya karatasi, basi.”

Basi? Miaka sitini na sita, basi? Keshokutwa yake nikatoka tena pipani, nikaja kugombana. Bi Tsuruoka, amesharudi kazini, akanishika mkono.

“Babu, huu mkono au samaki wa barafuni?”

“Mkono wa fundi huo, mama.”

“Fundi gani anakuja kupimwa ameganda? Neva ikipoa huenda polepole hata kama ni nzima.”

Daktari akaja juu: “Mashine haidanganyi!”

“Haidanganyi, daktari. Imeulizwa vibaya.”

Akaleta beseni la maji ya moto kiasi. Nikaloweka mikono nusu saa, akapima joto la ngozi, ndipo akawasha mashine. Mikono ikatoka mizima kama ya kijana! Nikaanza kuvaa koti huku najisifu.

“Unakwenda wapi? Miguu bado.”

Miguu nayo ikapashwa moto, ikapimwa. Huko ujumbe ulitambaa vilevile. Damu ikapimwa: kisukari. Nyumbani mke wangu alikuwa akinificha vitafunwa vya maharage matamu, nami nikiviiba.

Nimesikia kwamba Bi Tsuruoka akiondoka, kila mgonjwa atapewa robo saa tu, na kupasha moto kutaondolewa, eti foleni ni ndefu. Mganga Mkuu, nakuuliza mbele ya watu: foleni ya kwenda wapi? Ya kuambiwa uwongo haraka? Mnataka fundi mzima aachishwe kazi, na mgonjwa wa kweli achanganywe na waliopoa tu?

Mimi sikubali. Baridi ikianza nitawaleta watengeneza karatasi wote kumi na saba, mikono ikichuruzika maji. Atakayetaka kutupima kabla ya kutupasha moto, hatumpi hata kidole.

Bi Tsuruoka, pipa langu ulinirudishia, na miguu hii niliyosimama nayo ni wewe uliyeiokoa. Miaka sita sijakushukuru, kwa sababu ningekushukuru, watu wangejua kwamba Isogai anaumwa. Sasa wamejua. Asante, mama.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio. Nimemaliza, lakini siketi. Jibu la Mganga Mkuu nalisubiri hapahapa, nimesimama.