Presha Niliyoongeza Kinyala

GENEROSA: Haloo? Nani mwenzangu?

KENNETH: Dada, shikamoo. Ni Kenneth. Hii simu ya jirani yangu Gwakisa, yangu imezima—

GENEROSA: Marahaba. Mbona unakwaruza hivyo? Uko wapi?

KENNETH: Kinyala, kwenye mradi wetu wa maji; nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Dada, wewe ni mtu wa maabara ya maji. Usinicheke.

GENEROSA: Sijaahidi.

KENNETH: Vile vichujio vipya, vya utando, vilianza kupitisha maji kidogo kidogo. Jumatatu bomba la zahanati likakauka, wajawazito wakaja na ndoo zao. Mimi na cheti changu nikasema ni pampu. Nikaifungua siku nzima. Pampu haina hata mkwaruzo.

GENEROSA: Halafu?

KENNETH: Halafu nikaongeza presha.

GENEROSA: Maji ya chanzo yana rangi gani?

KENNETH: Chai ya rangi. Bibi Atupakisye, mzee wa hapa kijijini, alishaniambia, tangu mvua zianze majani yanaoza pale juu. Nikamjibu mbele za watu kwamba mtambo wa kisasa hauogopi majani.

GENEROSA: Na utando ukiushika?

KENNETH: Unateleza kama mlenda.

GENEROSA: Ndiyo uozo wa majani huo, umeziba matundu. Presha inaushindilia tu. Loweka kwenye sodakostiki hafifu, ile ya kutengenezea sabuni, suuza mpaka—

KENNETH: Nimeloweka juzi. Nilisoma kitabu cha mtambo. Kilikuwa mezani tangu Machi, naweka kikombe juu yake. Maji yamerudi.

GENEROSA: Sasa unanipigia ya nini?

KENNETH: Kanisani wamenishukuru kwa kutengeneza pampu. Wamenipa mkungu wa ndizi.

GENEROSA: Kenneth. Ile presha ilifanya nini?

KENNETH: Kichujio kimoja kilipasuka. Nimeshakifunga.

GENEROSA: Baada ya muda gani?

KENNETH: Muda wa saa sita hivi. Klorini ilikuwepo, ila maji yalipita machafu, nayo ilikuwa kidogo... Dada, nakusikia vibaya.

GENEROSA: Unanisikia vizuri. Umewaambia?

KENNETH: Nimepanda kilima chote hiki ili uniambie si lazima.

GENEROSA: Wachemshe maji. Na wenye kuharisha wapimwe, leo hii.

KENNETH: Wananiita injinia, dada.

GENEROSA: Watarudi kukuita Kenneth. Hutakufa.

KENNETH: Haya. Muuguzi Andongwisye namwona anafungua zahanati. Naanza na yeye. Salio la watu linaisha—

GENEROSA: Ngoja, na wewe uliyanywa?

KENNETH: Wa kwanza kabisa. Glasi mbili, mbele yao, kuwaonyesha kwamba ni salam—