Koti Lililoonekana Kwenye Kadi za Nyumbani

Wapendwa wa jumuiya, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Mliniomba nisimulie kwa mdomo tu, lakini mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunikimbia, kwa hiyo nimeyaandika na nitayasoma. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nitakapokosea mtanirekebisha baadaye kwenye chai. Sitataja jina la mtu. Wengine wamo humu, na sipendi mtu atoke hapa akiona nimemsengenya.

Mnajua nilifiwa na mume wangu. Mlikuja, mkaleta kuni na ndizi, mkalala chini na mimi. Tulimzika kibanjani, hapo hapo shambani kwetu, upande wa chini, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe, kama tunavyowazika watu wetu. Ukiteremka kidogo kutoka kaburini unafika nyumba ya mama mkwe wangu, naye ni mjane. Kwa hiyo tulibaki wanawake wawili kwenye kibanja kimoja, na marehemu amelala katikati yetu.

Siku ya kumaliza matanga nguo zake ziligawanywa. Koti lake refu la kahawia, lile alilovaa asubuhi za baridi, halikuonekana. Msumari lilipokuwa linaning'inia ulikuwa mtupu. Wapo walionitazama mimi, na mimi nikamtazama shemeji yangu. Siku hiyohiyo mama mkwe akasema mbele za watu, "Mwanangu angepelekwa hospitali mapema, tungekuwa tunaongea naye." Hakutaja mtu. Lakini aliyekuwa anamuuguza ni mimi. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa mbali, halafu hata hiyo ikaisha.

Binti yangu anafanya kazi Mwanza. Alikuwa ameniachia simu janja na kunifundisha kutengeneza kadi. Unapiga picha, unaizungushia maua, unaandika maneno ya rangi juu yake, unatuma. Aliniambia, "Mama, kila Jumapili nitumie nyumbani, nisije nikasahau panavyofanana." Basi nikawa natoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye migomba, nasimama kona ya juu ambako mtandao unashika. Naandika: Jumapili njema mwanangu, mibuni imechanua. Ninyi wenyewe mliziona, mkaniomba niwatengenezee za ubatizo na za harusi. Hilo lilinifariji. Ila kule chini nilikuwa sishuki. Nilipapiga picha kwa mbali tu.

Jumapili moja binti akanipigia.

"Mama, shikamoo. Leo ulikuwa na nani shambani?"

"Marahaba. Nilikuwa peke yangu."

"Kuna mtu nyuma. Karibu na kaburi la baba."

"Huo ni mgomba, mwanangu."

"Mama, mgomba hauvai koti."

Nilikata simu nikaweka vidole viwili kwenye kioo, nikaivuta picha. Ndugu zangu, nawaambia, ningependa kusema sikuona kitu. Niliona mgongo wa koti, na mkono mmoja umeshika mgomba. Kichwa hakikuwepo. Nikarudi kwenye kadi za nyuma. Nyingine hazina kitu. Nyingine lipo, limeinama, nami nilikuwa nimezungushia maua na kuandika "Tupo salama." Na kwenye moja, ya Jumapili ya Matawi, lilikuwa limesimama wima, limeelekea nyumbani kwangu.

Mkiniuliza kama nilikuwa na akili timamu wiki zile, sijui nijibu vipi. Niliacha kupiga picha. Niliacha kuingia shambani kabisa, nikawa nanunua ndizi mimi mwenye migomba. Mdudu akala, magugu yakapanda. Mama mmoja alikuja kuniombea akasema marehemu ananidai kitu. Mwingine akasema hapana, ananiaga. Wote walikuja kwa upendo na wote niliwaamini, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Shemeji akasema, "Kama panakutisha, shemeji, nenda kwenu upumzike. Kibanja kitaangaliwa." Wakati ule nilisikia kwamba ananifukuza. Leo nikiyaandika naona inawezekana alinionea huruma tu. Sikuwa ndani ya moyo wake.

Nikafunga mizigo niende kwa kaka yangu, kule Bugomora. Na wote humu mnajua, mjane akishafunga nyumba na kuondoka, kurudi si rahisi. Nilikuwa naacha nyumba ambayo binti yangu aliniomba nisimwache aisahau.

Asubuhi ya kuondoka nikaona aibu kuondoka bila kumtumia kadi ya mwisho. Nikasema nitampigia picha ya kaburi lenyewe, karibu, alione vizuri, halafu basi. Nikashuka. Ukungu ulikuwa mzito, majani makavu yanalia chini ya miguu. Nikainua simu mbele ya uso, maana kuangalia kwa macho matupu niliogopa. Na ndani ya kioo, kati ya migomba, koti likasogea.

Kukimbia sikuweza, kuomba sikuweza, hata jina la Yesu sikulipata. Kilichonitoka mdomoni ni kile tulichofundishwa tangu tunatambaa.

"Shikamoo."

Koti likajibu, "Marahaba. Leo umeamka mapema, mkamwana."

Alikuwa mama mkwe wangu. Mgongo umepinda, koti linamfika miguuni, kichwa kimezama ndani ya ukosi. Mikononi ana nyasi kavu. Alikuwa anatandaza juu ya kaburi, kama mtu anavyotandaza kwenye shina la mgomba ili udongo usikauke.

"Mama, ni wewe?"

"Ulidhani nani? Unatembea na hiyo simu usoni kama kuku mwenye kideri, huoni mbele."

"Koti, mama."

"Nililitoa msumarini kabla hawajaanza kugawana. Wangempa mtu akalewee nalo rubisi. Unalitaka?"

"Hapana."

Akavuta ukosi akaunusa. "Lilikuwa na harufu yake. Sasa lina harufu yangu tu."

Nikakaa chini pale pale kwenye umande. Nikamuuliza kwa nini siku zote hizo hakuja kubisha hodi. Akasema, "Na wewe, mlango wangu umeupoteza?" Halafu akapanga nyasi, akasema bila kuniangalia, "Ile siku ya kwanza ya kuugua, mwanangu alikuja kwangu. Nilimpa dawa za majani, nikamwambia asikutie wasiwasi, atapona. Siku ya matanga nikaona nikiwahi mimi kusema neno kuhusu hospitali, hakuna atakayeniuliza mimi."

Sikumjibu vizuri. Ningekuwa mtu mwema ningemkumbatia. Nilisema tu, "Mama, twende ukanywe uji, una baridi." Tukapanda pamoja, polepole. Akaona mizigo mlangoni, akauliza, "Hii ya nani?" Nikasema ya mtu anayefungua sasa hivi. Akasema, "Afungue haraka, magugu yanatucheka."

Nawashukuru mliokuja kulima nasi wiki ile, na mliokuja na majembe bila kuuliza. Namshukuru binti yangu kwa macho yake. Namshukuru shemeji, nimeshamwomba radhi kwa kudhani ndiye aliyechukua koti, akacheka akasema lisingemtosha. Na mama mkwe wangu ameniruhusu niyasome haya. Alisema, "Soma, ila sema nilikuwa natandaza, nisionekane nazurura."

Sina hekima ya kuwapa. Ninalojua ni hili: niliogopa kitu kwa mbali, kwa kioo, kwa maneno ya watu, na nilipokikaribia nikakisalimia, kiliitika. Kama kuna mtu hapa ana mlango ambao ameacha kuugonga, aende akasalimie. Asisubiri mpaka afunge mizigo.

Limebaki jambo moja, na nikilificha nitakuwa sijasema kweli. Nilimwonyesha mama kadi zote. Alijiona, akacheka jinsi anavyofanana na gunia. Tulipofika kwenye ile iliyosimama wima, akaishika simu muda mrefu.

"Hii si mimi," akasema. "Mgongo wangu haunyooki hivyo. Na Jumapili ya Matawi nilikuwa Kituntu kwa dada yangu. Koti lilikuwa ndani, nimelifungia."

Nikamuuliza, sasa ni nani? Akanirudishia simu.

"Labda alikuja kuona kama natandaza vizuri."

Hakuwa anatania, wala hakuonekana kuogopa. Inawezekana ni mgomba na ukungu. Sitawaambia ni yeye, sitawaambia si yeye. Ile kadi sijaifuta, na sijamtumia mtu mwingine yeyote.

Jumapili iliyopita nilimtumia binti kadi mpya. Bibi yake amesimama kaburini ndani ya koti, kichwa nje, anatazama simu kwa hasira kwa sababu nilichelewa kubonyeza. Sikuweka maua. Niliandika: Tupo wote nyumbani.