Nusu ya Kichwa Iliyobaki

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuteni viti, punguzeni moto jikoni. Leo tunamkumbuka msusi. Wengi mlimwita Mama Kitana, kwa sababu kitana hakikumtoka nywelani hata akienda msibani. Amefariki kwa ugonjwa wa figo, na juzi tumemzika. Mimi nilikuwa mteja wake. Kichwa hiki kimepita mikononi mwake tangu nikiwa msichana.

Nawaonya mapema: leo nina kinyaa, na sitakificha. Mtanivumilia.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, kioo kimoja, mlango wa mbele na mlango wa uani. Huo mlango wa uani ushikeni, tutaurudia. Kusuka kunachukua kutwa nzima, kwa hiyo pale palikuwa na utaratibu: anayesukwa anasoma riwaya kwa sauti, wengine wanasikiliza. Akiinuka, anayekalia kiti anaendelea pale pale alipoachia mwenzake. Na riwaya zilizopendwa zilikuwa za aina moja tu. Mke anamtoroka mume katili.

Mnazijua. Ukisoma moja umezisoma zote. Mume ni mrefu, tajiri, ana nyumba ya vioo. Mke anatoroka usiku, na lazima mvua inyeshe. Anajikata nywele chooni kwa mkasi, anatoka mrembo kuliko alivyoingia. Anahamia mji mwingine, anapata jirani fundi seremala, mpole, hana mke. Mume anawafuata. Wanapigana ngazini, mume anaanguka, anakufa. Kwisha. Msomaji anafunga kitabu, anakwenda zake kupika.

Tukifika kwenye mkasi, Mama Kitana alikuwa anasonya mpaka tunacheka. "Kisogo chako mwenyewe utakikata vipi kikatoka sawa? Huyo mwandishi hajawahi kushika kichwa cha mtu!" Lakini kwenye kurasa za kipigo hakutania. Kipigo kimepambwa kama keki, damu inaelezwa kwa maneno matamu, na sisi tumekodoa macho tunasema, ongeza sauti. Yeye alimwambia msomaji, "Ruka hapo. Inanitia kichefuchefu." Tulidhani ana roho nyepesi tu.

Sasa sikilizeni. Mama Kitana alikuwa na mdogo wake wa kiume, karani wa benki. Sauti ya chini, anasalimia hata watoto. Si mrefu, wala hana nyumba ya vioo. Na alikuwa anampiga mkewe. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: mdogo wake Mama Kitana, karani mpole, alikuwa anampiga mkewe. Mke huyo, wifi yake Mama Kitana, alipothubutu kusema, majirani walimjibu, "Yule? Hebu acha hizo, mwenzangu." Hakufanana na mume wa kitabuni, basi akawa hana kosa.

Wifi hakwenda popote peke yake. Sokoni anasindikizwa, hospitali anasindikizwa. Ni mahali pamoja tu mume alichoka kusubiri, napo ni saluni. Mwanamume gani atakaa kutazama nywele zikisukwa kuanzia asubuhi mpaka jioni?

Basi asubuhi moja, jua kali, hakuna hata wingu, karani akamleta mkewe asukwe. Akasimama mlangoni mpaka akaona upande mmoja unakwenda vizuri. Akawanunulia wateja soda. Akaenda kazini.

Binti wa marehemu ameniambia kilichofuata. "Mama alimwambia, 'Wifi, inuka.' Akamfunga kilemba chake, akampa viatu vyangu. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu iko wazi. Wifi akauliza, 'Na hii nusu?' Mama akamwambia, 'Hiyo nina deni lako. Nenda.'" Wifi akatoka kwa mlango wa uani.

Mteja mwingine akakaa kitini. Karani kila alipopiga simu, dada yake alimjibu, "Huwezi kuongea naye, nimemshika kichwa." Mmefika wapi? "Kisogoni." Akipiga tena, kisogoni. Siku hiyo kisogo kilikuwa hakiishi!

Jioni karani alikuja, akakuta mkewe hayupo. Akavunja kioo. Kisha akampiga dada yake kofi mbele ya wateja, na sikio la kushoto la Mama Kitana halikusikia tena. Ndiyo maana redio yake ilikaa upande wa kulia.

Familia ikamgeukia nani? Yeye! Mama yao mzazi alimwambia, "Umevunja nyumba ya mdogo wako." Akajibu, "Mama, kabla ya nyumba kuvunjika, lilivunjika taya la mkewe." Wakamsusa. Hata alipolazwa, hawakutia mguu hospitalini.

Juzi makaburini, nani alishika kipaza sauti? Karani. Shati limenyooka, leso imepigwa pasi. "Dada yangu alikuwa nguzo yetu." Watu wakampa pole, wakamshika bega. Mate yalinijaa mdomoni, na sikupata pa kutema. Kitabuni huyu hufia ngazini. Huyu wetu hakuanguka kwenye ngazi yoyote, wasikilizaji. Alipandishwa cheo.

Pole nyingi kwa binti wa marehemu. Pole kwenu wateja wote mliosoma kwenye kiti kile. Karatasi niliyoletewa na familia inanitaka nimpe pole na mdogo wa marehemu. Mstari huo nauruka, kama Mama Kitana alivyotufundisha kuruka.

Nanyi mnaonisikia, jiulizeni. Mwanamke akikueleza yanayompata nyumbani, je, unamsikiliza yeye, au unamlinganisha na riwaya? Msingoje usiku, msingoje mvua. Mpeni kilemba, muonyesheni mlango.

Kabla sijaingia hewani, mwanamke mmoja alinipigia simu. Anakoishi sijui, na sikuuliza. Nilimuuliza tu kama ana neno la kumwambia marehemu. Akacheka kidogo, huku analia. Akasema nilifikishe hivi hivi:

"Mwambie wifi yangu deni limekwisha. Ile nusu niliimalizia mwenyewe, na hakuna aliyenisimamia. Kisogoni ilikwenda upande. Angeiona, angesonya."