Madam Gladwell na Laini ya Kipsongo

Miaka ishirini na mbili Madam Gladwell Wamboi amefungua hii ofisi yetu ya vijana hapa Kitale, na Ijumaa tarehe 28 Novemba anastaafu, anarudisha funguo. Mimi Makokha, askari wa geti, ndio nimepewa kumwandika, kwa sababu hakuna mtu anamjua kama mimi. Hata bwanake, Mzee Kibe, huwa ananiuliza.

Alianza kwa kuhubiria watoto wa shule juu ya watu wanaouza watu. Watoto wakalala. Akaleta kamera, akawaambia watengeneze video wenyewe, na tangu hiyo siku hakuna mtoto amelala, kutoka hapa mpaka Sirisia. Mwenye analala ni mimi, na Madam amenishika mara mbili tu.

Lakini ile siku ya mtaa wa Kipsongo, mwaka wa 2019, bado inanishtua. Vijana walitaka mtu wa kuigiza tapeli wa kazi za Uarabuni kwa video yao. Wakachagua mimi, si unajua sura nzuri haifichiki. Nikavaa suti ya Mzee Kibe, nikakaa na meza kando ya kibanda cha mandazi, nikaanza kutangaza: kazi ya nyumba, tiketi bure, leta kitambulisho tu. Kumbe betri ya kamera imekufa, hakuna kitu inashikwa.

Kuangalia hivi, watu wamepanga laini. Si waigizaji. Ni wamama wa ukweli, wameshika wasichana wao mkono. Nilihesabu kumi na moja. Nikawaambia huu ni mchezo, mimi ni askari wa geti. Mama mmoja, Wilkista, akanicheka.

"Wacha maringo, mzee. Kama hutaki huyu wangu wa pili, sema. Yule alikuja Jumatatu alichukua Nangila, wangu wa kwanza, bila maneno mingi. Wanatoka stendi leo saa nane."

Ilikuwa saa saba na nusu. Mimi nikamwita Madam, alikuwa na vijana kando ya kamera.

Madam akamuuliza polepole, "Mama Nangila, huyo mtu anaitwa nani?"

Wilkista akafungua mdomo. Hakuna jina. Anakaa wapi? Hajui. Amepeana mtoto, na hata jina hakuuliza. Akakaa chini pale pale kwa matope.

Tukakimbia stendi. Nangila alikuwa ndani ya gari, begi kwa magoti. Madam akaambia vijana wainue kamera, ati waelekeze kwa huyo jamaa wa Jumatatu. Betri imekufa, lakini yeye atajulia wapi? Alisukuma msichana nje, akatoroka na kitambulisho cha Nangila.

Tangu hapo kila video yetu, hata ile ilionyeshwa soko ya Misikhu, inaanza na hilo swali moja: huyo mtu anaitwa nani?

Ijumaa funguo zinaenda kwa Nangila. Ndiye anafundisha kamera sasa, na betri anaangalia mara tatu.

Asante, Madam. Nenda Kiminini ulime vitunguu yako, uishi vizuri na Mzee Kibe. Wewe jina lako tunajua, na kwako tunajua. Chai ikikosekana hapa, tutakuja.