Koti la Mzee Nyamhanga

Baada ya miaka thelathini na sita katika masjala ya ofisi yetu hapa Homa Bay, Bi. Damaris Werema anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 2025. Wakubwa saba wamepita mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyetoka na faili bila kutia sahihi. Wa nne alijaribu. Alipiga simu kutoka ghorofa ya juu, akaambiwa ashuke ajaze fomu. Akashuka, kalamu hana, akapanda tena. Alifoka weee, lakini fomu aliijaza.

Mwaka 1989 Damaris alikuta masjala ni chumba cha kutupia viti vilivyovunjika. Akafukua madaftari yaliyozikwa humo, akayapanga moja moja. Siku hizi mtu akitoka Rongo kumtafuta babu yake, analetewa babu kabla chai haijapoa: alibatizwa lini, alihamia wapi, alishtakiwa kwa nini. Na kila mgeni hupewa wosia uleule: anza na kitabu ambamo usingependa kumkuta ndugu yako. Mimi niliyekaa meza inayotazamana naye miaka kumi na tisa, nimeusikia hadi ndotoni.

Sasa tazameni mwenyewe alivyousahau.

Shangazi yake, Mama Mellen wa Isebania, ana miaka themanini na minne. Ombi lake lilikuwa moja tu: kabla hajafumba macho, aone kaburi la baba yake, Mzee Nyamhanga, limewekwa jiwe lenye namba yake ya jeshi na neno shujaa. Kwamba mzee alipigana vita vya Hitler, nani angebisha? Koti lake refu la jeshi linaning'inia nyumbani tangu enzi hizo. Basi kwa miaka sita, kila saa ya chakula cha mchana, Damaris alipekua orodha za waliopigana, waliojeruhiwa na waliopewa nishani. Babu hayumo. Tulipomkumbusha wosia wake, alitununia wiki nzima.

Februari mwaka huu, akisafisha kabati la mwisho ili akabidhi ofisi, alifungua kitabu cha waliotoroka. Ukurasa wa tatu, babu huyo! Aliandikishwa Jumatatu moja ya Agosti 1940, na Jumatano hakuonekana kwenye gwaride. Mali aliyoondoka nayo ni koti moja la serikali, ambalo halijarudishwa hadi leo. Jamani! Huyu ndiye mama aliyetufuata hadi makwetu kwa faili lililochelewa siku mbili! Tulicheka hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Damaris hakucheka. Jiwe lilikuwa kwa fundi likisubiri maneno, na kama angenyamaza, nani angejua?

Lakini hajawahi kugusa hata nukta ya kumbukumbu ya mtu, na hakuanza na ya babu yake. Alienda Isebania na nakala mkononi, akamsomea shangazi neno kwa neno mbele ya ukoo mzima. Mama Mellen aliomba arudiwe tarehe, akahesabu kwa vidole kutoka Agosti hadi Mei 1941, mwezi aliozaliwa yeye. Kisha akapiga kigelegele. Kumbe baba angeenda huko vitani, aliuliza, mimi ningetoka wapi?

Jiwe lilisimamishwa mwezi wa Aprili. Limeandikwa: Nyamhanga, alirudi nyumbani. Kuhusu koti, shangazi amesema serikali ikilitaka ije yenyewe.

Damaris, asante kwa kututunzia kumbukumbu zetu, hata zile tulizotamani zipotee. Tutakukosa sana, na hilo halina mzaha. Uende kwa amani, ule mchana wako bila daftari mbele yako, na afya ikae nawe miaka mingi. Nasi tumekufungulia faili. Mahali pa sababu ya kuondoka tumeandika: anarudi nyumbani.

Tia sahihi hapo chini, mama. Na kalamu uirudishe.