Kofia ya Kauri kwa Nyonga ya Fundi Cherehani

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa huduma za hospitali. Madaktari na wauguzi. Ndugu na jamaa mliotusindikiza:

KARIBU
Sisi wagonjwa wa nyonga, tunaofanya mazoezi kila Jumatano katika chumba hiki unachokizindua leo, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Ofisi ilitukabidhi risala iliyokwisha kuandikwa, shukrani kurasa mbili. Ni nzuri sana. Tumeiacha nyumbani.

TULIKOTOKA
Tulianza watu wanne kwenye benchi moja, tukiongozwa na fundi wa kuchomelea mageti. Yeye alivishwa kofia ya chuma juu ya kichwa cha mfupa wa paja, na kikombe cha nyonga kikawa cha chuma pia. Alitembea vizuri miaka sita. Kisha chuma kikasagana na chuma, chembe zikaingia kwenye damu, nyama zikavimba, ikabidi apasuliwe upya. Husema, "Nimevila vyuma ujana wangu wote, uzeeni vikanila mimi."

MAFANIKIO
Leo tuko thelathini na mmoja, na wawili wameshatupa magongo. Daktari wetu bingwa alikwenda kujifunza kuweka kofia ya kauri inayokaa kwenye kikombe cha kauri, bila chuma cha kusagika. Amerudi na cheti. Cheti kipo ukutani, kofia hazipo.

CHANGAMOTO
Sehemu hii haikuwamo kwenye ile risala ya ofisi.

Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na mashine yake ni ya kukanyaga. Mifupa yake ni midogo. Daktari amekataa kumwekea chuma, maana wenye nyonga ndogo ndio walioumia nacho zaidi. Njia iliyobaki hapa ni kukata kichwa chote cha mfupa na kuweka nyonga ya bandia, na amepangiwa Jumanne ijayo. Yeye anautaka mfupa wake. Alipoulizia kauri, afisa mmoja akaangua kicheko: "Mama, unataka tukuwekee vigae vya bafuni?"

Fundi akamjibu, "Hivyo vigae, mkubwa, unavikanyaga kila siku na bado vipo. Barua yangu iko wapi?"

Barua hiyo, ambayo daktari aliiandika kuomba kibali cha kofia ya kauri, iko mezani kwako, mgeni rasmi. Huu ni mwezi wa saba tangu ifike.

MAOMBI
Hatusemi kauri haina kasoro. Daktari ametuambia wazi kwamba bado ni ngeni, inafuatiliwa, na huenda ikapasuka. Tumesikia na tumeelewa, sisi si watoto. Tunaomba saini. Kama jibu ni hapana, liandikwe, pamoja na sababu na jina la aliyelitoa. "Linashughulikiwa" tumelichoka. Jumanne fundi hapandi kitanda cha upasuaji kabla ya kujibiwa, na sisi sote tutakuwa naye mlangoni.

Amekaa safu ya mbele, kiti cha pili kutoka kushoto. Amesema ukiinuka kutujibu naye atainuka, kwa kuwa jibu ni lake. Tafadhali usianze kuzungumza mpaka awe amesimama wima. Itachukua muda. Sisi tutasubiri, na wewe utasubiri.

Mungu akujalie afya, mgeni rasmi, na akulindie nyonga zako zote mbili.

Ni sisi,
Umoja wa Wagonjwa wa Nyonga, Benchi la Jumatano.